Mbio Zisizo na Sufuria

Mwaka ule wa kura, tisini na saba, kituo cha kuuzia majani chai pale Boito kilikuwa na benchi moja, na benchi ilikuwa na wenyewe. Mzee Kilo, aliyepewa jina hilo kwa kugombana na mizani kila siku. Wakili, ambaye sheria yake yote aliipata akiwa shahidi wa kesi ya shamba. Na Spidi, aliyewahi kuwa wa tatu katika mbio za lokesheni nzima na hajatulia tangu siku hiyo. Lori la majani lilikuwa limechelewa, basi walikuwa na chai ya Nyatichi na tangazo lililobandikwa mlangoni mwa hoteli yake. Nyuma ya pazia, mwenye tangazo, Chepkosgei, alikuwa akiosha vikombe. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo. Jumamosi alitaka wanawake wakimbie mpaka zahanati kumkumbuka mama yake, aliyeuawa na saratani ya titi. Huko nesi angewapima, na kila mkimbiaji angetoa kikapu kimoja cha majani, kiuzwe kiwe nauli ya watakaotumwa hospitali kubwa. Kumi na wawili walikuwa wamejiandikisha. Tangu benchi ianze kuongea, walikuwa wamebaki saba.

Spidi: Mbio gani haina zawadi? Mimi kwa namba tatu nilipewa sufuria.

Wakili: Soma hapo chini. Wewe ndio unatoa kikapu.

Spidi: Ati nikimbie, na nilipe?

Wakili: Na uandike jina. Hapo kwa jina ndio kuna maneno. Huu ni mwaka gani?

Mzee Kilo: Wa kura.

Wakili: Basi. Kuna mtu anataka kiti.

Spidi: Hapana, ni wazungu. Wanakuja na saa, wanachagua wenye mbio. Bibi yako ameenda zahanati, unasikia yuko Ujerumani.

Mzee Kilo: Dorine wangu, na magoti yake?

Spidi: Huko wana dawa ya magoti.

Wakili: Nyinyi hamjui serikali. Pale wanawake watapita, ndio mpaka mpya utapita. Leo wanapima matiti, kesho wanapima mashamba.

Mzee Kilo: Dorine haendi. Nimeshamwambia.

Chepkosgei alikuwa amesugua kikombe kimoja mara tatu. Kwenye mdahalo kule chuoni angewamaliza watatu hao kabla kengele haijalia. Lakini jana asubuhi, katikati ya michai, Dorine alikuwa ameushika mkono wake akauweka chini ya kwapa. Uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. "Mzee asijue," alisema. "Nitakuja na wengine, nikikimbia."

"Ukitoka kuwajibu watasema umetumwa," Nyatichi alimnong'oneza. "Osha."

Nyaberi, fundi wa kuchora mabango, alifika akisukuma baiskeli, kitambaa cheupe kikiwa begani.

Nyaberi: Wazee, hamjambo. Karatasi niliyopewa na yule msichana, ya bango la mbio, imenyeshewa. Naona "Tunamkimbilia", halafu ni matope. Marehemu alikuwa anaitwa nani?

Wakili: Mama Chepkosgei.

Nyaberi: Hiyo ni ya mtoto.

Spidi: Bibi ya Johana.

Nyaberi: Hiyo ni ya mzee wake. Yeye mwenyewe.

Spidi: Kwa mazishi walisoma.

Nyaberi: Wakasoma nani?

Spidi: Sisi tulikuwa upande wa chakula.

Wakili alitazama barabara kama lori ndilo lingejibu.

Mzee Kilo: Amechuma hapa miaka kumi na nane. Mwisho alikuwa anachuma na mkono moja, ule mwingine ulikuwa umefura. Mimi nilikuwa nacheka kikapu yake, nasema ni nyepesi.

Nyaberi: Sawa, mzee. Jina.

Chepkosgei alitoka na birika, akammiminia Mzee Kilo chai iliyobaki. Haikufika nusu ya kikombe.

"Jina nitampa fundi," alisema. "Mtalisoma Jumamosi, pale zahanati."

Mzee Kilo hakuinywa ile chai.

"Huo mkono wa mama yako," aliuliza polepole, "ulianza namna gani?"

"Na kitu kidogo, baba. Chini ya kwapa. Hakuambia mtu."

Lori lilisikika likipanda mlima. Wengine walikimbilia foleni. Mzee Kilo alibaki akikitazama kikapu chake, akakiinua kidogo, akakirudisha chini.

"Dorine akikuja na kikapu nyepesi," alisema, "mtakataa?"

"Hatukatai, baba."