Mama Taratibu, Aliyetufundisha Kuanza na Mikono

Baada ya miaka thelathini na miwili katika wodi yetu ya macho, muuguzi tunayemwita Mama Taratibu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kihalali. Neno lake la kwanza kwa mgonjwa ni "taratibu", na sisi wenye haraka zetu tumelisikia zaidi kuliko wagonjwa.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba (ndivyo anavyodai, picha hatujaonyeshwa). Mwaka ule wa kwanza alimfungua bandeji bibi mmoja aliyetolewa mtoto wa jicho baada ya kuishi gizani miaka mingi. Bibi alimwona mbele yake mwanamke mwenye mvi, akamwamkia shikamoo. Kumbe alikuwa binti yake wa kumzaa. Binti alitoka nje kulia.

Tangu siku hiyo, bandeji ikitoka, Mama Taratibu humwelekeza mgonjwa atazame kwanza mikono yake mwenyewe. Akishaona jinsi miaka ilivyompitia yeye, nyuso za wanawe hazimshtui sana.

Upasuaji wetu ni wa bei nafuu, kwa hiyo kinachowakwamisha wazee wengi ni woga. Husema macho yamezeeka pamoja nao, yaachwe yapumzike. Mama Taratibu habishani nao. Hukaa nao kwenye benchi, akawauliza ni nani anayewashika mkono kwenda chooni. Wazee hununa kidogo, kisha hukubali.

Mwaka jana tulimwona anapapasa vichupa vya dawa. Asubuhi moja akalisalimia koti la daktari lililotundikwa mlangoni, akalikaripia kwa kutoitika. Tulicheka mpaka tukagundua kwamba yeye hacheki. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na habari ya kupasuliwa hakutaka hata kuisikia. Alisema atasubiri astaafu kwanza. Tulimjua, tuliogopa kwamba angeondoka hapa akishikwa mkono na asirudi tena.

Mwishowe daktari akamuuliza swali lake mwenyewe, lile la choo. Alikasirika kutwa nzima. Kesho yake akaja na mfuko wa nguo, tayari kulazwa.

Bandeji ya jicho la kwanza nilimfungua mimi, mdogo wake kazini, mwezi uliopita. Nilianza kwa haraka, akaniambia taratibu. Nikamwomba aanze na mikono. Aliigeuza huku na huku, akashangaa kumbe imezeeka hivyo. Mikono ile imefungua macho ya watu wengi, na nadhani hakuwahi kupata nafasi ya kuitazama. Kisha akainua uso, akaziona mvi zangu, akaniamkia shikamoo.

Wodi nzima iliangua kicheko. Mimi nililia, wala sifichi.

Mama, asante kwa yote. Jicho la pili ni wiki ijayo, na wajukuu wako wameshapanga foleni. Tunakuombea afya na siku ndefu za kuwatazama mmoja mmoja, taratibu.