Ercilia Gastaldi, Aliyemtoa Kaka Yake Mashindanoni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mimi ni Dardo Quaglia, na hii ni saa yetu ya kuwakumbuka watu wa hapa kwetu Villa Lucrecia. Leo tunamkumbuka Ercilia Gastaldi. Bi Chila. Wengi wenu mlikuwa makaburini juzi, niliwaona. Wengine mlikuwa mashambani, maana soya ikikauka haimngoji mtu, na mmenipigia simu mkitaka nisimulie. Basi nasimulia.

Ercilia alifariki akiwa na miaka themanini na moja, nyumbani kwake, kitandani kwake. Alikula tambi mchana, akalalamika kwamba hazina chumvi, akaenda kujinyoosha. Hakuamka. Hakuugua, hakuteseka. Mimi mwenyewe ningeomba kifo cha namna hiyo, ila tambi zangu ziwe na chumvi.

Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa fundi wa bastola mwenye leseni. Alikuwa mlenga shabaha, tena alikuwa mwamuzi wa mashindano. Yote hayo mtu mmoja, na mtu mwenyewe mfupi kiasi kwamba mbele ya meza yake ya kazi alisimama juu ya kreti la bia.

Duka alirithi kwa baba yake. Mbele baiskeli, nyuma bastola. Mbele ulisikia harufu ya mpira, nyuma harufu ya mafuta. Baba alimfundisha kushika tupa akiwa bado msichana wa shule, na alimwambia jambo moja tu: chuma ukishakipunguza hakirudi. Kwa hiyo Ercilia alipunguza polepole. Alipunguza kidogo, akajaribu, akapunguza tena kidogo. Ukimpelekea bastola Jumatatu ukamuuliza Jumanne, alikujibu, "Kwani ni mkate, uive kwa siku moja?"

Bastola ya mashindano, wasikilizaji wapendwa, ina taabu zake. Inapigishwa risasi nyingi kuliko bastola ya askari. Springi zinachoka. Kile kidole cha chuma kinachovuta ganda nje kinalika. Midomo ya magazini inapanuka, risasi inapanda mshazari, na wewe uko katikati ya mbio, saa inahesabu, bastola imekwama. Ercilia alichukia kukwama. Alibadili springi kabla hazijachoka. Watu walimwambia, "Bi Chila, hii bado nzuri." Alijibu, "Springi haikuagi."

Klabuni kwetu, kwa walenga shabaha, alifikaje? Aliletwa na kaka yake. Nildo Gastaldi, mkubwa wake kwa miaka mitatu, ndiye aliyekuwa bingwa wa familia. Alimchukua mdogo wake Jumapili amwokotee maganda, kwa sababu yeye mwenyewe kiuno kilimuuma. Siku moja kundi lilipungukiwa mtu. Wakampa Ercilia bastola ya Nildo. Akapita njia nzima ya shabaha kwa mwendo wa kwenda sokoni, lakini kila risasi ilikaa katikati ya karatasi.

Nildo alicheka mpaka akakaa chini. "Chila, unapiga kama mtu anayeshona vifungo!"

"Na vyako vyote vimedondoka, kaka," akamjibu. "Nenda kaangalie karatasi zako."

Kwa ambao hamjawahi kufika klabuni: mchezo wetu si wa kusimama ukalenga kwa starehe. Kipima muda kinalia, unachomoa bastola, unakimbia, unapiga makaratasi na mabamba ya chuma, unabadili magazini ukiwa mwendoni. Alama zako zinagawanywa kwa muda wako. Ukikosa shabaha unapoteza alama. Ukikosea usalama unarudi nyumbani. Na kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza mdomo wa bastola kuelekea waliko watu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Fainali ya jimbo, hapa hapa klabuni kwetu. Mimi nilikuwa kwenye kipaza sauti, nikisoma matokeo. Nildo aliongoza. Ilibaki njia moja tu, ya mwisho, na mwamuzi wa njia hiyo alikuwa Ercilia. Nyuma kulikuwa na viti kwenye kivuli cha mikalitusi, watu wanakula mkate na soseji, wanapokezana kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani machungu.

Nildo akatoka mbio kama kijana. Karatasi, karatasi, bamba. Akabadili magazini. Akapita bamba la mwisho upande wa kushoto bila kuliona. Halafu akalikumbuka. Akageuka ghafla kulirudia, na bastola ikageuka naye, ikapita mstari wa usalama, ikaelekea kwenye viti.

"Simama!"

Sauti ile niliisikia bila kipaza sauti. Nildo akaganda. Ercilia akamwambia taratibu atoe risasi, aonyeshe chemba tupu, arudishe bastola kiunoni. Akafanya yote, sawasawa. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Chila, ni mimi."

"Ndiyo, kaka. Nimekuona. Umetolewa."

Nildo akaondoka bila kumuaga mtu. Ubingwa wa jimbo ukaenda kwa mtu wa Rosario, ambaye sitamtaja kwa sababu alijisifu mno.

Tangu siku ile Nildo hakusema na dada yake. Miaka sita. Mama yao alipotimiza miaka tisini, walikaa kila mmoja ncha yake ya meza, na saladi ikipitishwa kwa mikono ya watu wengine. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa, na mji wenyewe una mitaa ya kuhesabika.

Lakini bastola ya Nildo haikujua kwamba kuna ugomvi. Springi zilichoka. Na fundi wa karibu nasi, ukimwacha Ercilia, alikuwa mbali sana.

Hapo ndipo anapoingia Omar Cravero, mwoka mikate wetu. Omar ananisimulia: "Nildo alinijia na kifurushi. Akaniambia, mpelekee Chila, sema ni ya binamu yako wa Córdoba. Nikamwambia, sina binamu Córdoba. Akasema, sasa unaye."

Nildo alikuwa mwerevu. Alikuwa ameondoa mbao za mpini ambazo dada yake angezitambua, akaweka za plastiki. Omar akafika dukani. Ercilia akaifungua bastola, akatazama ndani, mahali alipopitisha tupa kwa mkono wake mwenyewe zamani. Akabadili springi, akasafisha, akaifunga tena.

"Mwambie binamu yako apunguze mafuta," alimwambia Omar. "Bastola si saladi."

Omar akayafikisha. Nildo akawaka. "Mwambie fundi huyo mafuta ni yangu!"

"Yako au ya binamu yangu?" Omar akauliza.

Ikawa desturi. Kila baada ya miezi kadhaa binamu wa Córdoba alituma bastola, na kila mara ilirudi na neno lake. Mwambie binamu anabana kifyatulio kama anakamua ng'ombe. Mwambie fundi yeye anakimbia kama ng'ombe mwenyewe. Omar anasema alichoka, lakini hakutaka kuacha. "Walikuwa wanaongea, Dardo. Kupitia kwangu, lakini walikuwa wanaongea."

Kisha ukafika mwaka ambao Nildo alifuzu kwenda mashindano ya taifa. Akatuma bastola isafishwe. Safari hii haikurudi. Omar akaenda kuulizia, akamkuta Ercilia amekaa, hajasimama juu ya kreti lake.

"Hii haitoki hapa kwa mkono wako, Omar," alisema. "Mwambie mwenyewe aje."

"Dada Ercilia, binamu yangu yuko mbali..."

"Omar, nenda kaoke mikate."

Nildo alikaa siku mbili akinung'unika. Siku ya tatu alikwenda, saa ya usingizi wa mchana, mitaa ikiwa mitupu, asionwe na mtu. Haya amenisimulia yeye mwenyewe, wiki hii, jikoni kwake.

Alisimama mlangoni. "Nimekuja kuchukua bastola ya binamu wa Omar."

Ercilia akamtazama toka juu hadi chini. "Binamu wa Omar amezeeka."

Akampa lenzi. Akamsogezea taa. Kwenye chuma cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kingekatika siku yoyote. Na kinaporudi nyuma, wasikilizaji wapendwa, kinakuja usoni mwa mpigaji.

Nildo akatazama sana. Akaweka lenzi chini. Halafu akasema jambo ambalo Ercilia hakulitarajia.

"Najua Mama alikuwa amekaa wapi siku ile."

Ercilia akaisogeza taa pembeni.

"Kiti cha kwanza, karibu na mti. Niligeuka, nikamwona juu ya kilengeo cha bastola yangu. Juu ya bastola, Chila. Nilimwona kabla wewe hujapiga kelele."

"Miaka yote hii nilijua umenikasirikia."

"Nilikukasirikia, ndiyo. Wiki moja hivi. Baadaye nilikuwa naona haya. Sikujua mtu anaanzaje."

Ercilia akainuka, akaweka maji ya chai ya mate jikoni. Nildo anasema hawakukumbatiana, wao si watu wa hivyo. Walikunywa birika zima. Alipoaga, dada yake akamkabidhi bastola yake yeye, Ercilia, ile aliyoitunza kuliko macho yake, aende nayo kwenye mashindano ya taifa. Kwa sheria zetu haikuwa jambo rahisi, kulikuwa na vibali vya kufuata, wakavifuata.

Akawa wa kumi na moja. Akarudi na lawama.

"Kilengeo chako kimekaa kushoto!"

"Kimekaa kushoto kwa mtu anayetazama kulia, kaka."

Walifanya kazi pamoja tangu hapo. Nildo alichukua baiskeli, Ercilia akabaki na bastola, na nyinyi mliopita mtaa ule mmewasikia wakibishana toka asubuhi. Miaka michache baadaye walishindana wote wawili katika daraja la wazee. Ercilia wa kwanza. Nildo wa pili. Kikombe chake Ercilia alikiweka mezani akajaza springi ndani yake.

Juzi makaburini baadhi ya wanachama walitaka kupiga risasi hewani kwa heshima. Nildo akakataa. "Hewani kuna shabaha gani?" akauliza. Tulicheka, machozi yakitutoka, na tukajua nani angesema hivyo kama angekuwa hai.

Jikoni kwake nilimuuliza atamkosa kwa lipi. Nilidhani atataja ufundi, au ubishi. Akasema, "Nitamkosa mtu wa kuniambia simama."

Kwa Nildo, kwa watoto wake na wajukuu wake, kwa wapwa wote wa Ercilia, kwa Omar ambaye leo hajafungua tanuri, na kwa wanachama wote wa klabu: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, kabla ya chakula cha usiku, kaeni kidogo mfikirie. Ni nani aliwahi kukusimamisha, mbele za watu, ukamchukia kwa hilo? Kama bado yu hai, anaishi wapi? Villa Lucrecia ni ndogo. Mnaweza kufika kwa miguu.