Gari ya Baba Haiwaki

SHAAME: Haloo? Haloo, Mkokotoni? Nani hapo?

MWANAPILI: Duka la marehemu Mzee Kificho. Na wewe nani mwenzangu?

SHAAME: Mimi Shaame.

MWANAPILI: Aa. Shikamoo, kaka.

SHAAME: Marahaba. Mama hajambo?

MWANAPILI: Hajambo. Yumo ndani.

SHAAME: Haya, nipe habari ya gari. Muhiddin, mnunuzi wetu, kashapanda basi, adhuhuri yuko hapo. Anataka kuondoka nayo leo leo.

MWANAPILI: Ataondoka nayo kichwani? Haiwaki.

SHAAME: Nini?

MWANAPILI: Haiwaki, kaka. Tangu asubuhi mume wangu anazungusha hendeli mpaka kiganja kimemchubuka. Hata kukohoa haikohoi.

SHAAME: Jumatano si huyo huyo Usi kaipeleka Mahonda, ikaenda ikarudi?

MWANAPILI: Jumatano si leo.

SHAAME: Mwanapili. Umeifanya nini gari ya watu?

MWANAPILI: Ya watu? Ishakuwa ya watu? Baba hajatimiza mwaka kaburini—

SHAAME: Nakuuliza umeifanya nini! Umechomoa plagi?

MWANAPILI: Wallahi kaka, usinisingizie—

SHAAME: Kwa sababu hutaki iuzwe! Nakujua wewe tangu mdogo. Kitu ukikikataa, unakificha.

MWANAPILI: Sitaki iuzwe, ndiyo! Nshakwambia usoni, sina haja ya kuvizia plagi!

(Waya unakwaruza. Sauti ya opereta: "Mjini, bado mnasema?")

SHAAME: Tunasema, Borafya! Usinikatie, nakuomba... Haloo? Upo?

MWANAPILI: Nipo.

SHAAME: Sikiliza. Mama nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Fanya uonavyo, mwanangu."

MWANAPILI: Ulimuuliza kwenye simu, duka limejaa watu. Ulitaka akujibu nini?

SHAAME: Ningejuaje kama—

MWANAPILI: Ungekuja!

SHAAME: Nna kazi mimi! Hata simu hii ya bwana mkubwa, katoka kidogo tu! Basi. Gari iko pale pale uani?

MWANAPILI: Pale pale. Naiona kwa dirisha la duka.

SHAAME: Mwambie Usi apige honi.

MWANAPILI: Usi! Piga honi! Honi!

(Honi inalia kwa mbali.)

SHAAME: Nimeisikia. Basi betri nzima. Petroli?

MWANAPILI: Imo. Kafungua mpira wa petroli, ikammwagikia miguuni.

SHAAME: Asivute sigara, huyo! Sasa, akifungua swichi, ile taa nyekundu ndogo inawaka?

MWANAPILI: Usi! Taa nyekundu!... Anatikisa kichwa.

SHAAME: Haiwaki?

MWANAPILI: Haiwaki.

SHAAME: Ndiyo hapo. Umeme haufiki kwenye injini. Nenda mwenyewe. Uiname chini ya usukani, utaona waya zinaning'inia, zile alizofunga baba na kamba. Uzitazame, kisha urudi uniambie. Ukweli, Mwanapili!

MWANAPILI: Naiweka simu juu ya mizani. Usikate.

(Kuku wanalia. Mlango wa gari unafungwa. Viatu vinarudi polepole.)

SHAAME: Haloo? Ehe?

MWANAPILI: Waya mmoja umekatika.

SHAAME: Umekatwa!

MWANAPILI: Umeungua. Kitambaa chake cheusi, mpira umeyeyuka. Na chini kuna jivu.

SHAAME: Jivu la nini? Mwanapili. Jivu la nini ndani ya gari?

MWANAPILI: La udi.

SHAAME: Mna wazimu nyinyi? Nani kaingiza chetezo ndani ya gari yenye petroli? Nani huyo?

MWANAPILI: Unamjua.

SHAAME: Simju—... Lini?

MWANAPILI: Juzi, usiku wa Ijumaa. Na kila usiku wa Ijumaa. Magharibi ikishaswaliwa anatoka na chetezo chake, anakiweka pale chini, kiti cha baba kipate moshi. Kama alivyokuwa akimfukizia kanzu ya msikitini. Kisha yeye anapanda kiti chake, kile cha pembeni.

SHAAME: Anakwenda wapi?

MWANAPILI: Haendi popote. Isha ikiadhiniwa anashuka.

SHAAME: Angeungua! Unaelewa? Angeungua na gari yake, na nyumba! Na wewe unamtazama tu dirishani!

MWANAPILI: Njoo umzuie wewe! Wewe ndiye mwanamume, si ndivyo unavyosema? Njoo umfungulie mlango wa gari, umwambie, "Shuka, mama." Mimi siwezi!

SHAAME: Kwa nini hukuniambia?

MWANAPILI: Kwa simu hii? Kila ukipiga ni Muhiddin, Muhiddin. Tangu hitima hujatia mguu hapa.

(Waya unakwaruza.)

SHAAME: ...Usi ana koleo?

MWANAPILI: Lipo, kwenye sanduku la baba.

SHAAME: Afungue betri kwanza, asije kupigwa na cheche. Ncha mbili za waya azikwangue mpaka shaba iwe safi, azisokote pamoja. Juu afunge kitambaa kikavu, azungushe vizuri. Asiache shaba iguse bati. Umesikia?

MWANAPILI: Nimesikia. Kwa hiyo tunaitengeneza ili Muhiddin aondoke nayo.

SHAAME: Nimesema itengenezwe!

MWANAPILI: Usinipigie kelele!

SHAAME: Nenda!

(Viatu vinakwenda mbio uani. Dakika zinapita. Sauti ya opereta: "Mjini! Kuna watu wanangoja!")

SHAAME: Borafya, ndugu yangu, nistahimilie kidogo. Kidogo tu.

(Hendeli inazungushwa. Mara moja. Mara ya pili. Injini inakohoa, inakohoa tena, inashika.)

MWANAPILI: Kaka! Unaisikia?

SHAAME: Nnaisikia.

MWANAPILI: Imekohoa mara mbili, vile vile kama siku za baba—

SHAAME: Nimesikia, Mwanapili.

MWANAPILI: Mama katoka.

SHAAME: Anasema nini?

MWANAPILI: Hasemi. Kashika mlango wa gari tu.

SHAAME: Hajavaa viatu, sivyo?

MWANAPILI: Hajavaa. Umejuaje?

SHAAME: Akiisikia injini ya baba, alikuwa akitoka mbio hivyo hivyo, miguu mitupu. Mwambie... lo, bwana mkubwa anapanda ngazi. Mwambie chetezo asikiweke tena chini ya usukani. Akiweke nyuma, juu ya sahani ya bati, na milango aiache wazi. Na wewe ukae naye.

MWANAPILI: Lini?

SHAAME: Usiku wa Ijumaa! Lini tena?

MWANAPILI: Ijumaa ipi, kaka? Muhiddin si anakuja leo?

SHAAME: Nitakuwapo na mimi, nizifunge hizo waya zisining'inie. Usi asizichezee!

MWANAPILI: Kaka, na Muhiddin? Basi lile linapinda sokoni, naliona! Nimwambie nini?

SHAAME: Mpe chai.

MWANAPILI: Halafu?

SHAAME: Halafu mwambie gari ina mwenyewe. Haya, kwa heri, kwa heri, naweka—