Dakika ya Tisa Mwamuzi Haoni

Benchi la Jubilate lina miguu mitatu. Mahali pa mguu wa nne pamepangwa matofali mawili ya kuchoma, na anayekaa upande ule hukaa kwa adabu. Lipo mjini Kyela, chini ya upenu wa duka la vipuri lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia Tukuyu, likitazamana na ghala la chama cha ushirika. Jubilate huinjika birika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kuanzia hapo mpaka kahawa iishe hakuna jambo la dunia linalopita bila kukatiwa shauri. Wenyeji wa benchi ni watatu. Kuna Zebedayo, anayeitwa Kepteni kwa sababu aliwahi kupika kwenye meli zilizokuwa zikiondoka bandari ya Itungi kwenda kusini. Meli anazitaja kila siku, sufuria hajazitaja hata mara moja. Kuna Ambwene, yaani Wakili, aliyeshinda kesi ya mpaka wa shamba peke yake na tangu siku hiyo hajazungumza kama watu wengine. Wa tatu ni Lameck, mpima ubora wa kokoa hapo ghalani, ambaye wilaya nzima humwita Kaanike, maana ndilo neno wakulima wanalolisikia zaidi kutoka kinywani mwake. Hupasua punje kwa kisu, huitazama ndani, na ikiwa haijakauka au ina ukungu, husema neno hilo moja na kugeukia gunia linalofuata. Alimwambia hata baba mkwe wake, magunia matatu, mbele ya watu. Mzee akayapakia upya na kurudi nayo Katumba Songwe, na Krismasi ya mwaka ule Lameck alikula chakula ambacho mkewe hakukitia chumvi.

Alhamisi hiyo Lameck alifika benchini akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mji mzima ulikuwa unajua habari ya Jumamosi: mieleka uwanja wa mpira, Nyati wa Mbeya dhidi ya Chui wa Songwe. Ambacho mji ulikuwa bado haujakijua ni kwamba promota, kijana mmoja aitwaye Ipyana, alikuwa amemfuata Lameck ghalani jana yake mchana, akamwomba awe mwamuzi. Alisema ameuliza kuanzia stendi mpaka sokoni ni nani hapa hahongeki, na watu saba kati ya saba wamemtajia jina moja. Alitaka jibu kabla ya saa nne asubuhi ya Alhamisi hiyo, kwa kuwa gari la matangazo lilikuwa limeshafungwa spika na lilikuwa linangoja jina.

Lameck alikuwa anataka. Hilo hakulificha, ingawa alilisema akiwa anaangalia kikombe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kibanda cha video, na wakati wenzake wanawatazama wapiganaji, yeye alikuwa anawatazama waamuzi: namna wanavyolala kifudifudi kuchungulia kama mabega yamegusa chini, namna mkono unavyopiga mara moja, mara mbili, na uwanja mzima unashika pumzi. Sasa ana miaka minane ya kuwaambia watu hapana. Wanamheshimu, ndiyo, lakini akitokea kwenye harusi wanapunguza sauti. Jumamosi uwanja ungempigia kelele za furaha. Binti yake Nancy alitoka nyumbani asubuhi hiyo akiapa kuwatangazia darasa la sita lote.

Basi tatizo liko wapi, wakamuuliza. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi. Ipyana alikuwa amemwachia akaisome nyumbani.

Wakili akaipokea, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya mahakamani. Dakika ya kwanza mpaka ya sita, Chui anatawala. Dakika ya saba, Nyati anaamka. Dakika ya tisa, mwamuzi anagongwa kwa bahati mbaya, anaanguka, haoni. Chui analeta kiti. Nyati anamnyang'anya kiti, anamtandika nacho. Mwamuzi anaamka, anahesabu tatu. Mshindi, Nyati.

— Bahati mbaya imepangiwa mpaka dakika yake, alisema Jubilate huku akimimina.

Wakili alisema haoni kosa. Mieleka ni kama kesi. Hukumu huwa imeshachapwa kabla hakimu hajaingia, watu wanakuja kuisikiliza tu.

— Inachapwa baada ya mashahidi kusikilizwa, alisema Lameck. Hii imechapwa wakati Chui mwenyewe bado yuko Songwe anavuna mpunga.

— Hiyo tunaiita kuharakisha shauri.

Kepteni akasema wote wawili hawajui wanachozungumza. Yeye alishasafiri na wanamieleka. Walipanda Itungi, wawili, mahasimu wakubwa, picha zao ukutani wanataka kutafunana. Usiku wote walikaa kwenye kitanda kimoja wakimenyeana ndizi. Kutoka kwao ndipo alipojifunza siri. Nyota hachaguliwi kwa nguvu. Anachaguliwa kwa kiuno. Mkanda wa ubingwa ni mmoja, umetengenezwa mbali, na fundi wa kuupunguza hayupo nchi hii. Anayeenea ndiye bingwa.

— Na akinenepa? aliuliza Jubilate.

— Anapigwa.

Wakili alipinga, akaongeza la kwake. Kwa mujibu wa mkataba, alisema, jukwaa lina upande mgumu na upande laini, na anayewahi kusaini anapewa upande laini. Mengine yote hujipanga yenyewe, maana mtu hawezi kuangushwa kwenye mbao mara sita akabaki na hamu. Kepteni akasema kama ni hivyo basi mwamuzi naye ana waya sikioni unaotoka hotelini, na hotelini yuko mtu ambaye kazi yake ni kusema bado, bado, bado, haya sasa. Hapo Lameck akakiri kuwa hilo halikuwa mbali na ukweli. Ipyana alimweleza kwamba mwamuzi ndiye posta wa ulingoni. Akiinama kama anayekagua pumzi ya aliyelala, anamnong'oneza dakika zilizobaki, na aliyelala akiwa ameumia kweli anamfinya mkono.

Jubilate alikuwa ameichukua karatasi na kuigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari miwili kwa kalamu. Pambano la utangulizi, wanawake, dakika nne. Mshindi: yeyote.

— Yeyote ndiye nani? aliuliza.

Wakili alisema hiyo maana yake nafasi iko wazi, na kwa kweli ni haki zaidi kuliko pambano kubwa. Jubilate alilifikiria hilo huku akipuliza mkaa. Mabinti wawili, alisema, wanatoka kwao, wanajifunga viuno, wanabwagana kwenye mbao jua la utosi, na hakuna aliyekaa chini kuwaandalia hata udanganyifu.

— Hata kuibiwa ushindi hawajastahili, alisema. Na mwamuzi wao hakuandikwa. Au ni wewe pia, kaka Lameck?

Lameck alinyoosha mkono aone mwenyewe. Alikuwa hajaigeuza karatasi.

Ikabidi Kepteni aokoe jahazi, kwa njia yake. Alimpiga Lameck begani, akamwambia asijitie presha, dunia nzima inakwenda kwa karatasi. Mabwana harusi wamepangwa, mvua zimepangwa, mnada wa kokoa wenyewe umepangwa.

— Na nani ajuaye, alisema, pengine hata wewe kule ghalani unaletewa kijikaratasi. Gunia la fulani liangalie, la fulani usilione.

Walicheka, Wakili mpaka akavua miwani. Ulikuwa utani na Lameck aliujua kuwa ni utani. Ila katika miaka minane watu walikuwa wamemwita katili, kichwa kigumu, mkwe asiye na haya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanyia utani huo. Akaona jinsi ulivyotoka kirahisi. Ilikuwa Alhamisi tu, na hata fulana ya mwamuzi alikuwa hajaipokea. Mkulima hukubali kurudi na gunia lake maili nane kwa sababu anaamini yule aliyemrudisha hakuambiwa na mtu. Siku akishuku kwamba kaambiwa, kisu cha Lameck kitakuwa kisu cha kumenyea maembe.

Akawaeleza hivyo, kwa kifupi, na hawakumwelewa. Kepteni alimkumbusha kwamba marafiki wa mwamuzi hupewa viti vya mbele. Wakili alisema kisheria kuanguka si kusema uongo. Mtu anaruhusiwa kuanguka. Lameck akasema hakuna shida na kuanguka. Shida ni lile neno linalofuata kwenye karatasi, haoni. Anaweza kuanguka vizuri kabisa, lakini kulala pale amefumba macho, kiti kinalia juu ya mgongo wa mtu, watu elfu mbili wanapiga kelele refa ona, refa ona, na wote wanamjua kwa jina, hilo hawezi.

Saa ilikuwa imefika tatu na nusu. Mwanamke mmoja alisimamisha baiskeli kando ya benchi, gunia limefungwa nyuma kwa mipira ya tairi. Alikuwa Tusajigwe wa Busale, kokoa yake ilisharudishwa mara mbili msimu huu, na jasho lilikuwa limechora mstari kwenye vumbi la shingo yake.

— Mugonile, aliwaamkia. Kaka Lameck, unafungua saa ngapi?

Jubilate alimpa maji, naye akashukuru, ndaga, akanywa amesimama. Kepteni hakuweza kumwacha mtu mgeni bila kumhabarisha, akamsimulia yote: Nyati, Chui, kiti, dakika ya tisa, na jinsi promota alivyouliza mji mzima mpaka akampata mtu asiyehongeka. Alisimulia vizuri. Tusajigwe alisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kikombe.

— Sijaelewa sehemu moja, alisema. Kama mshindi ameshaandikwa, mtu mwaminifu wanamtaka wa nini?

Kepteni alifungua kinywa. Wakili akainua kidole kama anayeomba ruhusa ya mahakama, kidole kikabaki juu, kisha kikashuka chenyewe. Jubilate aliangalia mmoja baada ya mwingine na kusubiri, maana benchi lile halijawahi kukosa neno tangu liwekwe hapo.

— Ni burudani, dada, alisema Kepteni baadaye.

— Nimekubali ni burudani. Wa nini?

Lameck alisimama. Alimwambia alete gunia, amtazamie mapema kabla foleni haijaanza. Tusajigwe hakugusa mipira ya baiskeli.

— Mara zote mbili nilirudi nikaanika tena, alisema. Jirani yangu aliniambia nikuombe tu, utalegea. Nikamwambia yule halegei, twende tukaanike. Naomba nijibiwe kwanza, ndipo nifungue.

Lameck alitoa simu. Ilikuwa simu ya zamani, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo benchi lote lilisikia ikiita, na likasikia sauti ya Ipyana ikipokea kwa uchangamfu.

— Kamanda. Gari hili hapa limewashwa. Aanze kutangaza?

— Asianze. Nimeisoma karatasi yako. Kuanguka na kuhesabu tatu, hiyo si kazi ya kuniita mimi. Tafuta mtu mwingine, stendi hapo wamejaa vijana.

— Kaka yangu, hao hawanisaidii, alisema Ipyana, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo la kazi. Nikiweka mtu asiyejulikana, watu watasema mchezo umepangwa.

— Na watakuwa wamesema kweli, alijibu Lameck, akakata simu.