Jina la Seifu

Kwenye basi la mwendokasi la kutoka Kivukoni, binti mmoja alikuwa akisahihisha hadithi yake ya vijana kuhusu vita vya Kagera. Jina lake, Nirali, lilikuwa juu ya karatasi. Bibi aliyekaa pembeni yake aliisoma yote bila kuombwa.

“Mjukuu wangu, mbona askari wako analia kabla ya kufa?”

“Ana miaka kumi na tisa, bibi. Anaogopa.”

“Kaka yangu Seifu alifia kwenye vita hivyohivyo, umri huohuo. Hakulia!”

“Kwani ulikuwepo?”

Nikakohoa kwenye kiti cha nyuma yao. Mimi nimewasimulia Ilala nzima nilivyomkimbiza adui huko Kagera kwa mwiko wa ugali, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Bibi akaweka sawa ushungi wake. “Sikuwepo. Lakini Seifu huyo, aliyekuwa akimkimbia jogoo wa jirani, alipanda lori la jeshi akiimba. Mtaa mzima ulitoka kumtazama.”

“Basi aliogopa, na bado akaenda. Ndicho ninachoandika.”

“Andika alivyoimba!”

“Na machozi?”

Basi likasimama Msimbazi. Bibi akaelekea mlangoni kifua mbele, kisha akageuka. “Akiimba, mwite Seifu. Akilia, mtafutie jina lingine!”