Damu ya Papa Timothée

Tarehe 31 Machi 2003, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Lusenge Timothée anavua koti lake jeupe. Ndiye mpimaji wa kwanza wa maabara ya hospitali yetu ndogo hapa Mulekera. Mimi, Maliro, muuguzi niliyefanya kazi naye miaka yote ya vita, nimepewa jukumu la kumsifu katika sherehe hii ya kumuaga. Nitamsifu, lakini kichwa changu hakijatulia hadi leo.

Alitoka Butembo akiwa kijana mwenye baiskeli na redio inayokoroma. Ole wako uguse darubini yake! Vita vilipofunga barabara na damu ya wagonjwa ikakosekana, alikunja mkono wa shati lake mwenyewe. Kundi lake la damu ni O, wengi waliweza kuipokea. Huku kwetu aliyekupa damu amekuzaa mara ya pili, kwa hiyo kila mwaka mpya uwanja wake ulijaa “watoto” na kuku wao. Tulimtania tukimuuliza ana wake wangapi vijijini huko Eringeti.

Binti yangu Joyeuse ni mmoja wao. Mwaka 1998 malaria ilimmaliza damu, na Papa Timothée akalala kwenye kitanda cha pembeni, mkono wazi.

Mwishoni mwa mwaka jana tuliletewa kwa mara ya kwanza vipimo vya hepatiti C, homa ya ini. Wauguzi walisitasita. Yeye, kwa mbwembwe zake, akajichoma kidole kwanza ili kutuonyesha kwamba si kitu. Mistari miwili ikatokea, yaani anao ugonjwa. Tulicheka, tukidhani kipimo ni kibovu. Akarudia, na hakuna aliyecheka tena. Mtu mwenye afya vile, anayepanda mlima kwa baiskeli! Damu iliyopelekwa Kampala ilithibitisha.

Majibu yalipofika tu aliomba ruhusa, akaanza kuwazungukia “watoto” wake nyumba kwa nyumba. Hakuficha kitu. Alieleza kwamba kirusi hiki hukaa kimya miaka mingi, kikiumiza ini polepole hadi linajaa makovu na kuwa gumu.

“Ile kidudu haina jikoni,” alituambia alipofika kwetu. “Inaingiaka mu cellule, kale kachumba ka maini, inapika batoto yake na masafuria yetu.”

Kisha akamtazama Joyeuse, akatoa kipimo mfukoni.

Kipimo cha binti yangu nacho kilitoa mistari miwili. Nilitaka kumchukia mzee huyu, nikakosa pa kuanzia. Mke wangu Anne-Marie akamsogezea kiti.

“Papa Timothée, bila ile damu tungemuzika. Ikala, kuku iko karibu kuiva.”

Hakukaa. Mwaka mpya ulipofika alifunga lango lake, akakataa kufungua. Joyeuse alimfunga kuku wake kwenye nguzo ya lango, akarudi nyumbani akilia.

Sasa tumbo la mzee limeanza kujaa maji na daktari amemwamuru apumzike. Pombe ya ndizi ameiacha, kwa manung’uniko mengi. Dawa ya ugonjwa huu haijafika kwetu. Lakini kwa ukali wake, leo hakuna damu inayotoka maabara yetu bila kipimo hicho.

Asante, Papa. Tunakuombea siku nyingi na usingizi mzuri. Joyeuse amekwisha kuchagua kuku wa mwaka ujao, na safari hii hatamwacha kwenye nguzo. Fungua lango.