Madoa ya Mjusi Jike: Historia ya Marehemu Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa chuoni mliojikalia viti vya mbele bila kukaribishwa, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kiume, nisome historia hii, na marehemu mwenyewe aliagiza isitiwe sukari, kwani alisema amehudhuria mazishi mengi na hajasikia hata siku moja kwamba amezikwa mtu mbaya, mpaka akawa anajiuliza wabaya wanafia wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba ya mwisho kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa breki na mshona nguo. Ukuta wa nyuma wa nyumba hiyo ulipigwa na jua mchana kutwa, mijusi walijaa tele, na madume yao walijimwaga pale kila asubuhi, vichwa vyekundu na miili ya bluu, wakiinua na kushusha vifua mbele ya majike, na dada yetu, badala ya kuwarushia mawe kama sisi wengine, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawatazama. Hapo ndipo alipoona kwamba dume akishindwa ugomvi, wekundu wote humtoka, akabaki na rangi ya vumbi na kujipenyeza kwenye ufa, na tangu hapo hakuna mwanamume mwenye majigambo aliyemtisha tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, sekondari mwaka 1966, na mwaka 1972 alijiunga na chuo kikuu kusomea elimu ya wanyama, ambako alifundishwa na mhadhiri kijana aliyeitwa Bwana Tai, kwa ajili ya tai zake za shingoni, ambazo zilikuwa nyingi kuliko mawazo yake. Siku moja mhadhiri huyo alisimama ubaoni akafundisha kwamba rangi za mijusi wakati wa kupandana ni mambo ya madume, jike yeye hungoja tu achaguliwe, na dada yetu akanyoosha mkono akauliza, "Samahani mwalimu, huyo jike umewahi kumtazama, au ulimwacha anangoja?" Darasa liliangua kicheko, na Bwana Tai hakusamehe. Yupo hapa leo, safu ya kwanza, anajipepea na ratiba ya mazishi.

Mwaka 1976 marehemu aliajiriwa chuoni hapo hapo kama mtafiti msaidizi, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, kisicho na dirisha, akakijaza taa na vizimba vya wavu wa chuma. Bwana Tai, wakati huo keshakuwa Mkuu wa Idara, alimjia humo siku moja na tai mpya ya njano, manukato yakimtangulia mlangoni, akaegemea kizimba na kusema, "Dada, mimi na wewe tukishikana tutafika mbali," naye bila kuinua macho akamjibu, "Mkuu, hiki kitu mijusi wanakifanya vizuri zaidi." Kuanzia siku hiyo kila ombi lake la kupandishwa cheo lilikwenda kulala mezani kwa mkuu huyo.

Aliyempata ni fundi wa kuchomelea aliyetengeneza vile vizimba, shemeji yetu huyu mnayemwona, aliyekuja kumposa na ovaroli lake la kazini akisema, "Mama Mijusi, milango yote nimeshamaliza, sina tena kisingizio cha kuja." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, mama mkwe akatangaza kwamba mwanamke anayeshika mijusi hazai, wakapatikana watoto wawili, wa kike na wa kiume, na mama mkwe akasema ni kwa maombi yake.

Katika miaka hiyo marehemu aligundua kwamba majike wa mijusi wake, wakishapandwa na kubeba mayai, hutokwa na madoa ya rangi ya machungwa ubavuni, na dume akisogea, jike hutunisha mgongo, humwonyesha madoa yale na kufungua kinywa, maana yake nina mzigo tayari, pita kule. Bwana Tai aliangalia mara moja tu, akasema ule ni ukurutu, na marehemu alipokuwa likizo ya uzazi wa mtoto wa pili, mwaka 1984, mkuu huyo aliamuru chumba kipuliziwe dawa. Dada yetu aliporudi alikuta mijusi wamelala chali, isipokuwa wachache waliokuwa karakana kwa mumewe, kizimba chao kikitengenezwa bawaba.

Kutokana na hao wachache alianza upya, sebuleni kwake, na mwaka 1987, Bwana Tai alipokuwa akiwahutubia wageni ukumbini kuhusu ufahari wa dume, dada yetu aliingia na sanduku la kioo, akaliweka mezani na kuwasha taa. Dume aliwaka rangi zote, akajitutumua, akamsogelea jike; jike akatunisha mgongo na madoa yake, akaachama, na yule dume akafifia mbele ya macho ya watu, akajibanza pembeni. Bwana Tai alifoka, "Ondoa wadudu wako hapa!" naye akamjibu kwa upole, "Mjusi si mdudu, mkuu, fungua kitabu." Wageni walikuwa wameshainuka vitini kwenda kutazama.

Makala yake kuhusu madoa hayo ilipokaribia kuchapishwa, mwaka 1989, Bwana Tai alitaka jina lake yeye litangulie, marehemu akamwambia akalishone kwenye tai, na kwa jibu hilo alistaafu mwaka 2012 akiwa na cheo kile kile, katika stoo ile ile. Familia haitajifanya kwamba hilo halikumuuma. Alilia jikoni, bomba akiliacha wazi ili wanawe wasisikie.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, akatibiwa kwa muda mrefu, na Bwana Tai alipokuja wodini na maua na hotuba, marehemu alifumba macho mpaka mgeni alipoondoka, kisha akafumbua na kuomba chai. Alifariki tarehe 2 Septemba 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na wafanyakazi wenzake wachache, ambao wanajijua, na wasiojijua wasijisumbue kusimama. Zaidi ya wote tunamshukuru jirani wa mlango wa pili, ambaye huogopa mijusi hata kwenye picha, lakini muda wote wa ugonjwa aliingia sebuleni kwa marehemu kila asubuhi na glavu za jikoni, akawalisha panzi huku akipiga mayowe, bila kuombwa na mtu. Marehemu alipoambiwa alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akasema katika maisha yake yote hakuwahi kupata msaidizi kama huyo, kisha akageukia ukutani akafuta machozi.

Dada, umechoka, pumzika sasa kwa amani.